Kunyanyua Kiberiti

Magomeni, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Mjomba Haruna, shikamoo.

Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini anasema hilo ni vumbi la barabara na si yeye. Dukani Gerezani biashara ya vipuri ipo. Januari ikianza watu wanalia ada za shule, ikifika katikati wanakumbuka kwamba magari yao yanagonga chini, wanakuja kutafuta shokapu. Bi Fatuma wako hajambo? Mwambie ule ukili alioniletea mwaka juzi nimeshonea mkeka, na wapangaji wote wanautaka.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Mjomba, mara ya mwisho nilipokupigia nilisikia "ndiyo" tatu na jogoo. Barua hii nampa kondakta wa basi la Ikwiriri, ataiacha dukani kwa Wilbert, nawe utaichukua siku ya gulio.

Habari yenyewe ni Kiberiti. Ndivyo mtaa unavyoiita ile Suzuki yangu nyeupe kwa umbo lake la kisanduku. Nilikwambia tulivyokwama Novemba tulipokuwa tunakuja kwenu. Njia ile ya baada ya Ikwiriri, malori yamechimba pande mbili, katikati pamebaki tuta. Kiberiti kikalala juu ya tuta kwa tumbo, magurudumu yanazunguka bila kushika kitu. Watu waliokuwa shambani wakatusukuma kinyumenyume, tukageuza. Tukarudi na Mama mpaka Mbagala. Pale akasema, "Basi." Neno hilo moja tu.

Sasa nimeagiza vifaa vya kukinyanyua: springi nne ndefu, shokapu nne ndefu, mipira mirefu ya kupitisha mafuta ya breki na vyuma vyake vya kushikilia. Vinakuja pamoja kwenye boksi, wenyewe wanaita kit. Mama aliposikia akauliza kiti hicho ni cha plastiki au cha mbao.

Nitavifunga mwenyewe, hapa uani. Miaka yote hii nauza shokapu, na kila mteja akiingia ananiangalia kisha anauliza, "Fundi yuko wapi?" Nami namwonyesha fundi. Nimechoka kumwonyesha.

Mvua zikiisha tunakuja. Mama anataka kulala chumba cha Bibi, kile chenye dirisha la upande wa mtoni. Anauliza kama mlango wake bado unalia ukifunguliwa. Nijibu hilo, maana ananiuliza mimi kama vile nakaa huko.

Mpwa wako,
Badria


Nyambunda
2 Februari 2025

Mpwa wangu Badria, marahaba sana.

Barua yako imenifikia ikinuka vitunguu. Wilbert aliiweka juu ya gunia na kuisahau. Sisi hatujambo. Bi Fatuma alikuwa anaumwa jino, kaling'oa, na tangu hapo anazungumza mara mbili ya zamani. Mahindi mwaka huu sijapata kuyaona hivi, yamenipita kimo.

Nimekaa nikaifikiria hiyo kazi yako. Nimeendesha magari ya wapima ramani tangu kijana mpaka nilipostaafu, nimekwama katika kila tope la nchi hii, na sikuwahi kuwaza kwamba mtoto wa dada yangu atafungua gari katika ua wa Magomeni mbele ya wapangaji. Lakini ubishi ni wa mama yako, mimi simo.

Basi nisikilize. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuiamini. Gari likishapanda weka stendi za chuma chini ya chasisi, ndipo uingie. Magurudumu yanayobaki chini yazuie kwa mawe, mbele na nyuma. Na fanya upande mmoja kwa mmoja, usifungue kote kwa pamoja ukabaki hujui kipi kilikuwa wapi.

Lakini haraka ya nini? Njia imeharibika kuliko Novemba. Kuna kijito kimehama, kinapita pale palipokuwa pa kupita watu. Mwambie Dada asijisumbue na safari. Mwambie na mahindi ni mazuri sana.

Mjomba wako,
Haruna


Magomeni
23 Februari 2025

Shikamoo Mjomba.

Sote tumeamka salama, isipokuwa mgongo wangu. Wiki ijayo tunaingia mfungo, kwa hiyo nilitaka kazi nzito iishe kabla. Haijaisha. Ngoja nikusimulie.

Jana asubuhi nilifunga duka mapema nikarudi nyumbani. Mama alikuwa ameshatoa kiti chake hadi baraza ya nyuma, amejifunga khanga kama mtu anayekwenda kusimamia pilau. Akadai ungo. Kila boliti niliyoitoa niliweka ndani ya ungo wake, naye anaipanga: hizi za mbele kushoto, hizi za mbele kulia. Mjomba, nimewahi kufanya kazi na mafundi waliosomea, hakuna aliyewahi kupanga boliti zangu namna ile.

Tulianza mbele. Magurudumu yakatoka, stendi zikakaa, nikaweka jeki ya pili chini ya ekseli. Boliti ya chini ya shokapu ya kushoto ilikuwa imeshika kutu haisogei. Nikaivuta, nikaipaka mafuta, nikaitukana. Kasmir akatoka chumbani kwake na bomba refu, akalichomeka kwenye mpini wa spana, akasema, "Vuta sasa." Nikavuta. Ililia kama mbuzi, ikaachia.

Halafu nikafanya kosa. Nilianza kushusha ekseli ili springi ilegee, nikasahau kwamba mpira wa breki bado umefungwa pale juu. Ulikuwa umeshanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Kasmir akanishika mkono, akasema taratibu, "Badria, simama." Nikasimama. Haukukatika. Nilikaa chini kidogo, Mama akaniletea maji akijidai hakuona kitu.

Springi ya zamani ikatoka kwa mkono. Mpya ndefu, lakini ikaingia, nikaizungusha mpaka ncha yake ikakaa kwenye kitako chake. Upande wa pili haraka zaidi. Jioni tukashusha gari, tukarudi nyuma kuangalia. Kiberiti kimesimama upande, kama mtu aliyeegemea mlango. Nilikuwa nimebadilisha springi, ya kulia nimeiweka kushoto. Zimeandikwa, Mjomba. Zimeandikwa kwa rangi. Leo nimefungua tena zote mbili.

Nyuma nitafanya baada ya Idi. Mama bado anauliza kuhusu mlango.

Badria


Nyambunda
16 Machi 2025

Badria mwanangu, marahaba, na mfungo mwema.

Huku tunafuturu kwa uji na mhogo, hatulalamiki. Mvua zimeanza, naandika upesi kabla njia haijafungwa.

Nilitaka kukuonya kuhusu mpira wa breki, nikakumbuka siku barua yangu ilipokwisha kuondoka. Nikahangaika. Sasa nimesoma, nimeshusha pumzi. Springi kubadilisha upande si kitu, hata mimi yamenipata, na kwangu hakukuwa na rangi ya kusoma.

Ukimaliza, usukani utakuwa umekaa pembeni ingawa gari linakwenda mbele. Usiogope, kuna chuma cha kurekebisha. Na ukitembea kidogo, kaza boliti zote upya.

Huyo Kasmir ni nani?

Mahindi yamebeba. Msalimie Dada.

Haruna


Magomeni
20 Aprili 2025

Shikamoo Mjomba. Idi ilikwenda vizuri. Mama alipika biriani la watu thelathini, tukawa watu kumi na wanne, tukala siku tatu.

Kasmir ni mpangaji wa chumba cha uani. Anachomelea mageti Buguruni.

Nyuma nimemaliza. Kulikuwa rahisi, au labda mikono imezoea. Usukani ulikaa pembeni kama ulivyosema, nikaurekebisha. Matairi mapya yameingia, makubwa kidogo kuliko ya zamani. Nilikiendesha Kiberiti mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, nikakaza boliti zote, nikaenda nacho kazini. Vijana wa Gerezani wakakizunguka. Mmoja akainama kuangalia chini, akauliza, "Fundi gani kafunga hii?" Nikamwambia anaongea naye. Akainama tena, akaangalia upya. Sikuuza kitu mpaka saa sita, nilikuwa nimesimama tu mlangoni nakitazama.

Shida ndogo ilikuwa taa. Pua ya gari imepanda, kwa hiyo taa zinaangaza juu. Nilipoingia mtaani magharibi ile, zilimulika moja kwa moja chumbani kwa jirani, Mzee Abubakary, akiwa anavaa. Nimeshazishusha na nimeshaomba radhi.

Shida kubwa sikutaka kuiandika, lakini nani mwingine nimwambie. Mama hawezi kupanda.

Nilimwita aje tuzunguke mtaa. Amejipamba, amejitia udi. Akafungua mlango, akainua mguu wa kulia, haukufika. Akajaribu wa kushoto, ule wenye goti baya, nao ndio kabisa. Nikaleta stuli ya jikoni, ikatikisika, akashuka. Akasimama pale anakitazama kiti cha gari kilichomfikia kifuani. Akaniambia, "Umenijengea ghorofa, umesahau ngazi." Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Mjomba, kazi yote ile niliifanya kwa ajili yake, na gari lile lilipokuwa chini alikuwa anapanda mwenyewe. Niliona aibu ambayo siwezi kukueleza. Kasmir amesema atatengeneza kidaraja cha chuma cha kukunja, cha vipande vya mageti. Tutaona.

Na nina neno. Nimekuuliza juu ya nyumba mara mbili. Kila nikikuuliza nyumba unanijibu mahindi. Mafuriko ya mwaka jana ulituambia kwenye simu kwamba maji yalifika kizingitini yakarudi. Mama ameshona mapazia ya chumba cha Bibi. Nimjibu nini?

Badria


Nyambunda
4 Mei 2025

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako ilikaa Ikwiriri muda kwa sababu ya maji. Bi Fatuma anakusalimu.

Dada asilazimishe kupanda gari refu, ni hatari kwa mtu wa umri wake. Nashauri safari tuisogeze. Njooni Oktoba, jua likishakausha kila kitu. Au mwakani.

Kidaraja ni wazo jema, lakini kwa safari za mjini.

Haruna


Magomeni
18 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Oktoba haiwezekani.

Mama alinikataza kukuandikia hili na nilimwahidi. Leo ninaivunja ahadi hiyo na yeye hajui. Mwezi wa nane anafanyiwa upasuaji. Daktari atatoa goti bovu na kumwekea la bandia. Anasema ni kazi wanayoifanya mara kwa mara na wengi wanatembea vizuri baadaye. Lakini Mama tangu aliposikia halali sawasawa. Aliniambia jambo moja tu: kabla hajalazwa anataka kuuona uso wa Haruna na nyumba aliyozaliwa. Halafu akasema, "Usimwambie. Atakuja mbio kwa kuniogopea, nami sitaki kuogopewa."

Ndiyo maana niliingia chini ya gari. Sikutaka umaarufu Gerezani.

Kama kuna sababu ya kutuzuia, iandike. Chochote kile.

Badria


Nyambunda
1 Juni 2025

Badria mwanangu.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama pale pale dukani kwa Wilbert, nikaomba kiti.

Nyumba haipo. Mwaka jana maji hayakufika kizingitini yakarudi. Yaliingia usiku na asubuhi ukuta wa upande wa mtoni ukalala. Mpaka jioni hakuna kilichosimama. Mimi na Bi Fatuma tulitoka na godoro, sufuria na redio. Tangu hapo tunakaa huku juu karibu na shule, katika kibanda cha mabanzi na turubai. Hatuteseki. Watu wa hapa ni wema. Lakini nyumba ya baba na mama niliachiwa mimi niitunze. Dada alikwenda mjini kuolewa, mimi nikabaki, na kazi yangu ilikuwa hiyo moja. Alipopiga simu akiniuliza nyumba imesalimika, mdomo wangu ukasema imesalimika. Baada ya hapo sikujua pa kuanzia.

Novemba nilipopata habari kwamba mmekwama na kugeuza, nilihuzunika, na palepale nikashukuru. Nimekaa na hilo moyoni.

Unaposema nakujibu mahindi, ni kweli, ila mahindi yenyewe yako palepale ilipokuwa nyumba. Mto ulileta udongo mweusi, nikapanda. Chumba cha Bibi ndipo yalipo marefu kuliko yote.

Sijui umwambie vipi. Wewe unamjua kuliko mimi sasa. Kama bado atataka kuja baada ya kusikia, njooni. Kijito pitieni upande wa juu, penye mchanga mweupe.

Haruna


Magomeni
14 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimemwambia. Nilipanga kumwambia akiwa ameketi, amekunywa chai, lakini haikuwa hivyo. Kidaraja cha Kasmir kimekamilika: vipande viwili vya chuma vinavyokunjwa chini ya mlango, juu kimefungwa mpira usiteleze, na pembeni kuna mkono wa kushikilia kama wa ngazi ya msikitini. Mama anafanya mazoezi kila jioni. Anapanda, anakaa, anashuka, mtaa mzima unahesabu.

Alhamisi alipanda vizuri, akakaa, akafunga mlango, akaniangalia kutoka juu kwa furaha kama bibi harusi. Nikaona siwezi kumwacha afurahie kitu ambacho hakipo. Nikamwambia palepale, mimi chini, yeye juu.

Hakulia. Aliuliza, "Haruna analala wapi?" Nikamwambia kibandani, karibu na shule. Akauliza, "Na Fatuma?" Nikasema naye. Akauliza kama turubai linavuja. Nikamwambia sijui. Akawa anagusa gusa ule mkono wa chuma.

Kisha akashuka, mguu kwa mguu, bila kunishika. Akaingia ndani akayatoa yale mapazia, akayakunja upya. "Yatakuwa mashuka," akasema. "Na nunua turubai jipya, la wale wa malori, si haya ya kichina yanayopasuka. Na misumari ya bati." Tangu siku hiyo anapanga vitu. Gari litajaa.

Tunafika Jumamosi tarehe 28. Kasmir anakuja nasi kwa sababu ya kijito. Mama ndiye aliyemwalika, usianze.

Badria


Magomeni
6 Julai 2025

Shikamoo Mjomba, shikamoo Bi Fatuma.

Tulirudi salama. Mama ana uchovu ila anakula. Shingo yake inauma kwa sababu njia nzima alikuwa anageuka kuangalia kama turubai limeanguka.

Tulipofika kwenu kila mtu alikuwa anaongea kwa pamoja, sikupata nafasi ya kukusimulia njia. Basi ilikuwa hivi. Pale penye tuta tulipokwama Novemba, nilishusha gia, nikasoma dua, nikaingia. Kiberiti kikapita. Hakikugusa hata jani. Nikasimama mbele kidogo, nikashuka, nikarudi kwa miguu nikalitazama lile tuta. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Umedondosha nini?"

"Sijadondosha kitu."

"Basi unatazama nini?"

Nikarudi nikawasha gari. Akanipiga piga begani mara mbili, akaendelea kula karanga zake.

Kwenye kijito Kasmir alivua viatu, akatangulia na fimbo akipima. Mama anampigia kelele, "Kulia, Kasmir, mchanga mweupe, Haruna amesema mchanga mweupe," wakati yeye mwenyewe amefumba macho. Maji yalifika karibu na mlango. Katikati usukani ulitaka kunipokonya, nikaushika, nikaacha gari litembee polepole bila kuondoa mguu. Tulipopanda upande wa pili Mama akafumbua macho akasema, "Kumbe ni hivyo tu."

Mjomba, sikutegemea nitakukuta umekonda. Nilipokuona umesimama njiani na ile kofia yako ya zamani nilisema moyoni, ni yeye huyu, ndiye. Mengine uliyaona.

Ila kuna jambo sijui. Siku ya pili nilikuwa chini ya gari nakaza boliti, Kasmir na Bi Fatuma wako juu ya paa na turubai. Nilipotoka, wewe na Mama hamkuwapo. Mliporudi nguo zenu zimejaa udongo mpaka mgongoni, na Mama alikuwa anacheka kama msichana. Na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, alilala mpaka alfajiri. Nimemuuliza mlikwenda wapi, anasema, "Kutembea." Hebu niambie wewe.

Badria


Nyambunda
20 Julai 2025

Mpwa wangu Badria, marahaba, na asante kwa yote. Mvua isiyo ya msimu ilipiga Jumatano na hakuna tone lililoingia. Bi Fatuma amelitandika lile shuka la pazia na haruhusu mtu kukaa juu yake. Huyo Kasmir wako anapiga msumari vizuri. Sitauliza tena ni nani.

Umeniuliza tulikwenda wapi. Nitakwambia, maana yeye hatakwambia.

Tulikwenda kwenye nyumba. Yeye ndiye aliyetaka. Tulikwenda polepole, ameniegemea, na kwa sababu mahindi nimekwisha kuyavuna palikuwa na mabua tu. Nilitaka kumwonyesha, huku palikuwa ukumbi, huku jikoni. Hakungoja. Alikwenda mwenyewe moja kwa moja mpaka chumba cha mama yetu, akasimama pale palipokuwa dirisha, akautazama mto. Mimi nikaanza maneno yangu niliyoyapanga tangu mwaka jana. "Dada," nikasema, "niliachiwa hii nyumba..." Akaniambia ninyamaze kwanza, anataka kukaa.

Akakaa chini, katikati ya mabua. Nami nikakaa. Ndipo akasema anaogopa. Alisema haogopi maumivu, anaogopa ile sindano ya usingizi, kwamba atalala kati ya watu asiowajua na hatajua kama ameamka. Alisema tulipokuwa wadogo hakuwahi kulala peke yake chumba kile, mimi nilikuwa miguuni pake, na nilikuwa napiga mateke. Badria, nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. Nikamwambia nitakuja. Nitakuwa pale mlangoni watakapomwingiza, na nitakuwa pale atakapotoka, na akitaka nitampiga teke ajue kuwa ameamka. Hapo ndipo alipoanza kucheka.

Kisha ikaja kazi ya kusimama. Yeye na goti lake, mimi na mgongo wangu. Nilimvuta, akanivuta, tukaanguka wote. Tukajaribu tena, tukaanguka vibaya zaidi. Tulicheka mpaka tukalia, na nafikiri tulilia kidogo kwelikweli. Mwishowe tuligeuka tukapiga magoti kama watoto, tukajishikilia kwenye mabua mpaka tukainuka. Ndiyo udongo uliouona.

Nitafika tarehe nane ya mwezi wa nane kwa basi la asubuhi. Niwekee godoro popote.

Siku mlipoondoka alikuwa ameshapanda, amekaa kule juu, nami nimesimama chini dirishani. Akaniambia, "Haruna, usinidanganye tena." Nikamwambia sina tena uongo. Niliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa na vyumba vinne.

Akaniambia nimtolee mkono, akaushika mpaka wewe ulipowasha gari.

Mjomba wako,
Haruna